Nguo Alizozishona Dorkasi

Mazungumzo ya redio. Masomo: Yoshua 4:1-7, 2 Samweli 18:18, Matendo ya Mitume 9:36-42

 Wewe uliye nyumbani pamoja na jamaa yako, wewe uliye safarini, nawe mgonjwa uliyelala kitandani hospitalini ukisikiliza redio ya jirani, karibuni nyote. Mwenye Biblia na aifungue kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9. Asiyekuwa nayo na asikilize tu, maana habari yenyewe ni fupi, tena mtoto aweza kuielewa.

Katika mji wa Yafa alikaa mama mmoja aliyemwamini Bwana. Jina lake Tabitha, na kwa Kiyunani aliitwa Dorkasi. Hatusomi kwamba alihubiri barazani, wala kwamba alikuwa na cheo kanisani. Alikuwa na sindano na uzi. Kwa sindano hiyo aliwavika wajane wasio na mtu wa kuwavika. Kisha akaugua, akafa. Wakamwosha, wakamlaza orofani, wakatuma watu kumwita Petro katika mji wa Lida uliokuwa karibu.

Petro alipopanda orofani alikuta wajane wamesimama wakilia. Nao walimwonyesha nini? Hawakumwonyesha jiwe lililochongwa, wala kibao chenye jina la marehemu. Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Huo ndio ukumbusho wa Dorkasi. Ulikuwa miilini mwa wajane.

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya watu waliokufa wakihudumu katika Garissa, Wajir na Mandera, yaani sehemu ile tuliyozoea kuiita Mkoa wa Kaskazini Mashariki, pamoja na nchi jirani ya Somalia. Wengine walikuwa wauguzi, wengine watumishi wa misaada, wengine walimu na madereva. Swali letu ni hili: tuwakumbukeje? Tusimamishe jiwe? Au kuna ukumbusho ulio bora kuliko jiwe?

Kabla ya kujibu, tutazame namna mbili nyingine za ukumbusho tunazozikuta katika Maandiko.

Ya kwanza ni nguzo ya Absalomu. Mwana huyu wa Daudi alipokuwa hai alijijengea nguzo mwenyewe bondeni, maana hakuwa na mwana wa kulidumisha jina lake. Akaiita kwa jina lake. Huo ni ukumbusho wa mtu anayejikumbuka mwenyewe. Twaijua namna hiyo hata leo. Mtu hutoa mabati ya zahanati, na jina lake likakosa kuandikwa mlangoni, hukasirika.

Ya pili ni mawe ya Yoshua. Israeli walipovuka Yordani, Bwana aliagiza yachukuliwe mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto, yakasimamishwe kambini. Kwa nini? Ili siku za mbele watoto watakapouliza maana ya mawe hayo, wazazi wawe na la kujibu. Jiwe la namna hii halimsifu mtu. Linalinda kweli isisahauliwe. Mtoto akiuliza, mzazi hawezi kunyamaza.

Basi tukiwa na hayo matatu mbele yetu, nguzo ya Absalomu, mawe ya Yoshua na nguo za Dorkasi, twende Garissa.

Ukitoka Nairobi, ukapita Thika na Mwingi, safari ya kilomita kama 370, unafika daraja la mto Tana. Ng'ambo ya daraja ni mji wa Garissa. Kutoka hapo nchi inatandaa tambarare, mchanga na miiba, mpaka Wajir penye visima vyake vya zamani, na mbele yake Mandera, panapokutana Kenya, Ethiopia na Somalia. Ni nchi ya ngamia na wafugaji, na wenyeji wengi ni Wasomali Waislamu.

Serikali ya Wakoloni iliiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikaifunga, hata mtu hakuingia wala kutoka pasipo kibali. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 vilitokea vita vya shifta, vilivyoendelea mpaka mwaka 1967. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa wakati huo hazikuondolewa hata mwaka 1991. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtumishi wa serikali aliyeambiwa aende kaskazini alidhani kwamba anaadhibiwa. Jamaa zake walimlilia kama anayekwenda vitani.

Huko ndiko alikokwenda msichana mmoja Mwitalia, Annalena Tonelli. Alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Forlì, akasoma sheria, na mwaka 1969 akaja Kenya. Punde si punde akafika Wajir, kazi yake ikiwa kufundisha shule. Alikuwa Mkatoliki, walakini hakuwa mtawa. Alikuwa mwanamke wa kawaida aliyetaka kuwahudumia maskini kwa ajili ya Yesu. Najua wengi wanaonisikiliza ni wa makanisa ya Kiprotestanti. Mnivumilie. Wale wajane wa Yafa hawakuulizana habari za madhehebu.

Wajir aliwaona wagonjwa wa kifua kikuu. Siku hizo ugonjwa huo uliwaua wafugaji wengi, tena uliwatia aibu, hata wengine walitengwa na watu wao. Dawa zilikuwapo. Shida ilikuwa kwamba dawa za kifua kikuu zataka kumezwa pasipo kukosa. Kwa dawa za zamani matibabu yalichukua mwaka mzima hata mwaka na nusu, na dawa mpya zilizokuja baadaye zilipunguza muda huo ukawa miezi sita. Mfugaji atakaaje hospitalini muda huo wote, na mvua imenyesha kwingine, na ngamia wamehama? Tena mgonjwa akimeza dawa majuma machache hujiona amepona. Hufunga mizigo akaenda zake. Ugonjwa humrudia, na mara hii dawa zile haziuwezi.

Annalena hakuwalaumu wafugaji kwa kuhama. Mwaka 1976 alipewa kuongoza mradi wa majaribio wa kuwatibu wafugaji kifua kikuu, chini ya Shirika la Afya Duniani. Pale Wajir ikawekwa manyatta ya wagonjwa. Mgonjwa alikuja na fito zake na mikeka yake, akajenga kibanda kama vile anavyojenga malishoni, akakaa na watu wake. Kila siku alimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu, mpaka miezi ikatimia. Huku nyuma walifundishwa kusoma. Yeye na wenzake wanawake waliojiunga naye walikuwa na kituo pia cha watu wenye ulemavu, wakaishi nao kama jamaa moja.

Tazama jinsi jambo hili lilivyo dogo: kumpa mtu kidonge mkononi, na kumngoja akimeze. Lakini miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilipoeneza ulimwenguni njia ya kutibu kifua kikuu inayoitwa DOTS, sehemu moja kubwa ya njia hiyo ilikuwa ni hiyo hiyo, mgonjwa ameze dawa akiangaliwa. Majirani zetu wa Tanzania nao walikuwa wameonyesha njia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, katika kazi iliyosaidiwa na Daktari Karel Styblo. Basi leo mgonjwa wa kifua kikuu aliye Peru au India anapotibiwa hivyo, yumo katika njia ambayo watu wa Afrika Mashariki waliikanyaga mapema. Hiyo ni kanzu, ndugu zangu. Aliyeivaa hamjui aliyeishona.

Sasa yatupasa kusimulia jambo zito. Mwezi wa Februari mwaka 1984, katika Wajir, askari wa serikali waliwakamata wanaume wa Wasomali wa ukoo wa Degodia, wakawapeleka kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla. Wakawekwa pale juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57 kuwa ndio waliokufa. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa taarifa yake, ikasema waliouawa walikaribia 1,000.

Siku zile Annalena alitoka kwenda kuwatafuta waliosalia hai porini. Akawafunga majeraha, akakusanya maiti wapate kuzikwa, na akasaidia habari za waliouawa zijulikane nje ya nchi. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1985 ilimbidi kuondoka Kenya.

Hapa nataka tuyakumbuke mawe ya Yoshua. Kama pasingalikuwa na mtu wa kuhesabu na wa kutaja majina, hesabu ya 57 ingalibaki vitabuni kuwa kweli, na mtoto wa Wajir akiuliza habari za babu yake angaliambiwa kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo tusidharau mawe, wala kuta zenye majina. Nairobi, mahali uliposimama ubalozi wa Marekani, pana bustani yenye ukuta wa majina ya waliouawa tarehe 7 Agosti 1998. Watu husimama pale wakatafuta kwa kidole jina la mama au ndugu. Hilo ni jambo jema. Jina la mtu ni deni letu kwake.

Tuendelee na habari ya Annalena. Kutoka Kenya alikwenda Somalia. Mwaka 1995 daktari mmoja Mwitalia, Graziella Fumagalli, aliuawa katika mji wa Merca alipokuwa akiwatibu wenye kifua kikuu. Annalena naye aliwahi kuwahudumia wagonjwa katika mji huo huo. Sikieni vizuri: mwenzake ameuawa, naye hakuiacha kazi ile ile. Baadaye akahamia Borama, kaskazini, akaendesha hospitali ya kifua kikuu na kuanzisha shule ya watoto viziwi. Mwezi wa Juni mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen, ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi huwapa wale waliowatumikia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo, jioni, alipigwa risasi katika uwanja wa hospitali yake akafa. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Majivu yake yalirudishwa Wajir, kwa watu aliowapenda kwanza, na hospitali ile ya Borama ikaitwa kwa jina lake. Kwa maisha yake yote hakupenda kusifiwa, tena alipoitwa Roma mwaka 2001 kusimulia kazi yake alisema wazi kwamba afadhali angalinyamaza. Huyu hakujenga nguzo ya Absalomu. Wengine ndio waliolitaja jina lake.

Wala hakuwa peke yake. Mpaka wa Kenya na Somalia ni mstari ramani, lakini watu wa pande zote mbili ni jamaa, na watumishi wengi waliotoka kwetu walivuka mstari huo. Mmoja wao ni Sista Leonella Sgorbati, mtawa wa Consolata. Wauguzi wengi wa Kenya wenye mvi leo wanamkumbuka. Alikuja Kenya mwaka 1970, akahudumu Nyeri na Kiambu, kisha akafundisha wauguzi katika shule ya Nkubu, Meru. Mwaka 2002 shule ya wauguzi ilifunguliwa Mogadishu chini ya uongozi wake, na mwaka 2006 wanafunzi wa kwanza wakamaliza masomo. Tarehe 17 Septemba mwaka huo alipigwa risasi akivuka barabara kutoka hospitalini. Waliokuwa naye wameshuhudia kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kuwasamehe waliompiga. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri.

Lakini siku ile watu wawili walikufa. Wa pili ni mlinzi wake, Mohamed Mahmud, Mwislamu, aliyeuawa akiwa pamoja naye. Je, tunapomtaja Sista twamtaja na huyu? Kama hatumtaji, basi tumeyasimamisha mawe kumi na moja, jiwe moja tumeliacha mtoni.

Sisi Waprotestanti nasi tunao wetu. Ndugu zetu Wamenoniti, ambao katika Tanzania walianzia kazi Shirati mwaka 1934, waliingia Somalia miaka ya 1950. Tarehe 16 Julai 1962 mwalimu wao Merlin Grove, mtu wa Kanada, alidungwa kisu Mogadishu alipokuwa akiandikisha wanafunzi, akafa. Mkewe Dorothy alipotoka kwenda kumsaidia alichomwa naye, ila Bwana alimponya. Wamenoniti hawakufunga shule zao kwa sababu ya kifo hicho. Waliendelea kufundisha Somalia miaka mingi baadaye, mpaka serikali ya huko ilipowataka waondoke.

Sasa nisije nikawafanya mdhani kwamba waliokufa wote walitoka Ulaya na Marekani. La, hasha. Wengi ni watoto wetu wenyewe.

Mwezi wa Juni mwaka 2012, katika kambi za wakimbizi za Dadaab, wilaya ya Garissa kama tulivyoizoea, watu wenye silaha waliushambulia msafara wa shirika moja la misaada wakateka watumishi wanne. Wanne hao waliokolewa baada ya siku chache, na magazeti yakaandika habari zao. Dereva mmoja Mkenya alikuwa amekwisha kuuawa pale pale. Siku mbili baada ya utekaji huo, Jumapili tarehe 1 Julai, watu walishambulia makanisa mawili mjini Garissa wakati wa ibada, moja likiwa la African Inland Church. Walikufa watu zaidi ya 15, na miongoni mwao walikuwa polisi wawili waliosimama nje kulinda waabudu.

Tarehe 22 Novemba 2014 basi lilitoka Mandera alfajiri kwenda Nairobi. Ndani yake walikuwamo walimu wengi wanaorudi makwao kwa sikukuu ya Krismasi, pamoja na watumishi wengine, wa afya wakiwamo. Watu wenye silaha walilisimamisha, wakawatenga wasioweza kusoma maneno ya dini ya Kiislamu, wakawaua watu 28. Na tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa, mahali palipokuwa zamani chuo cha ualimu. Wanafunzi Wakristo wengine walikuwa katika maombi ya asubuhi. Walikufa watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Wakenya wengi walikataa vijana hao wabaki kuwa hesabu tu. Wakakusanya majina na picha zao, mmoja mmoja. Hayo nayo yalikuwa mawe ya Yoshua.

Baada ya mambo hayo walimu na wauguzi wengi waliotoka bara walikataa kurudi kaskazini. Nani atawalaumu? Mimi sitawalaumu. Mzazi aliyemzika mwanawe hahitaji mhubiri wa kumpigia kelele. Lakini yatupasa kusema na upande wa pili wa habari. Mwalimu alipoondoka, darasa la watoto mia lilibaki bila mtu. Muuguzi alipoondoka, mama mwenye uchungu wa kuzaa alikuta mlango umefungwa. Waliolipa si wale waliopiga risasi. Waliolipa ni wajane wa Yafa.

Na hapa, wapendwa, ndipo mioyo yetu inapojaribiwa. Kuna njia ya kuwakumbuka wafu ambayo kwa kweli ni kulisha chuki. Mtu huyataja majina ya waliouawa ili awachukie Wasomali wote, na Waislamu wote. Huyo ameyachukua mawe ya Yoshua akayafanya ya kutupia watu.

Msikilize habari ya Salah Farah. Alikuwa mwalimu katika Mandera, Mwislamu. Tarehe 21 Desemba 2015 alikuwa ndani ya basi liendalo Mandera, likashambuliwa karibu na El Wak. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu lile basi la kwanza. Washambuliaji wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Wakawaambia wauaji kwamba kama ni kuua, wawaue wote pamoja. Wauaji wakaondoka. Salah Farah alikuwa amepigwa risasi, na mwezi wa Januari mwaka 2016 alikufa katika hospitali ya Nairobi. Kule Garissa nako, baada ya makanisa kushambuliwa, viongozi wa Waislamu walitangaza kwamba vijana wao watasimama kulinda makanisa siku za ibada.

Mitandio ile ilikuwa nguo. Nguo za Dorkasi, walizowavika jirani zao. Mkristo anayetaka kuwakumbuka waliokufa kaskazini na akamwacha Salah Farah, huyo hajawakumbuka sawasawa.

Basi tulijibu swali letu la kwanza. Tuwakumbukeje? Nina mambo matatu.

Kwanza, tutaje majina, na tuyataje yote. Kila tarehe 12 Mei ni siku ya wauguzi ulimwenguni, ambayo ni siku ya kuzaliwa kwake Florence Nightingale. Na kila tarehe 19 Agosti ni siku ya kuwakumbuka watumishi wa misaada, kwa sababu siku hiyo mwaka 2003 watu 22 waliuawa katika ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Baghdad. Makanisa yetu yana kalenda. Siwezi kuona sababu ya Jumapili iliyo karibu na siku hizo kupita kimya. Je, katika usharika wenu yuko mama aliyempoteza binti muuguzi, au mzee aliyempoteza mwana dereva? Mpeni nafasi asimame, amtaje mwanawe kwa jina. Wala msimsahau mlinzi, na mpishi, na polisi wa mlangoni.

Pili, tushone. Ukumbusho wa Annalena ni mgonjwa anayemaliza miezi yake sita. Ukumbusho wa Leonella ni muuguzi aliyefundishwa na muuguzi aliyefundishwa naye. Zahanati ikiitwa kwa jina la marehemu, na ndani hamna dawa, tumejenga nguzo ya Absalomu na kubandika jina la mwingine juu yake. Kijana unayesoma uuguzi, siku moja huenda utapewa barua ya kwenda Garissa au Wajir. Sikuambii usiogope. Nakuambia uombe kabla ya kukataa. Nanyi wazee wa kanisa, kama mtoto wa usharika wenu amekwenda huko, msimwache peke yake. Mwandikieni. Mpigieni simu. Mwombeeni kwa jina lake, akiwa hai, msingoje arudi ndani ya sanduku.

Tatu, tusamehe. Hili ndilo gumu, nami silitamki kwa wepesi. Kusamehe si kusema kwamba hakuna kilichotokea, maana huko kungekuwa ni kuyarudisha mawe mtoni. Annalena alitaka kweli ya Wagalla ijulikane, na bado hakuacha kuwapenda watu. Kweli na msamaha hukaa nyumba moja. Ukimfukuza mmoja, mwenzake naye hatakaa.

Mwajua mwisho wa habari ya Dorkasi. Petro alipiga magoti akaomba, naye Dorkasi akafumbua macho, akaketi. Sisi tuliwaombea wapendwa wetu wa Garissa na Mandera, nao hawakufumbua macho. Tuliwazika. Kwa nini Bwana alifanya hivi kwa Yafa na vile kwetu, mimi sijui, wala sitajifanya najua. Najua hili tu: hata Dorkasi baadaye alikufa tena, na yeye pamoja na wetu wanangoja asubuhi ile ile, na sauti ile ile. Hata asubuhi hiyo ifike, sindano iko mikononi mwetu.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyeyaandika majina ya watumishi wako mahali pasipofutika, twakushukuru kwa wote waliokufa wakiwahudumia wengine katika nchi kavu ya kaskazini. Wafariji wazazi na wajane na yatima wao. Uwalinde wauguzi, walimu, madereva na walinzi walioko huko usiku huu, Wakristo na Waislamu. Utuondolee chuki. Tupe mikono ya kushona, wala usituache tuishie kwenye kulia. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, Bwana awe nanyi nyote.